Sura Tunazo, Majina Hatuna: Historia ya Picha ya Penseli Mpaka Inafika Bariadi

Wadau, hizi mmeshaziona. Unaperuzi zako Instagram au TikTok, unakutana na kijana kashika karatasi ya A4, pembeni kaweka simu yenye picha ya mtu, na kwenye karatasi sura ileile imechorwa kwa penseli. Chini watu wanamwaga sifa: "Huyu kaua!", "Nichoree na mimi", "Bei gani kaka?" Mara nyingi sura yenyewe ni ya msanii wa Bongo Fleva, mchezaji mpira au kiongozi. Hizo ndo zinazovuta laiki.

Ila kuna oda nyingine ambazo hazipostiwi sana. Mtu anakuja na kipicha kidogo kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto. Kimekunjwa, kimepauka, na muhuri umekatiza shavuni. Anakwambia: "Huyu ni bibi. Hatuna nyingine. Utaweza kumtoa?"

Leo tuongelee hicho kipicha. Kilipigwa kwa sababu gani, na kimefikaje mkononi mwa mchoraji ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha sanaa, pale Bariadi, Maswa, Mwanhuzi au Lamadi? Maana historia ya kuchora sura kwa kuangalia picha, kwa upande wetu, imejaa watu waliobaki sura bila majina. Na mwenye penseli ana kazi moja hapo ambayo wengi wanairuka.

Kabla ya kamera kulikuwa na kuta

Kuna watu wanadhani Usukumani uchoraji umeletwa na simu janja. Hapana. Wasukuma walikuwa na vyama vya ngoma na uganga, na kimojawapo ni cha wacheza nyoka, wale wanaoitwa Bayeye. Ndani ya nyumba walikofundishwa wanachama wapya, kuta zilichorwa watu, nyoka na viumbe vya hadithi za chama. Michoro hiyo haikuwa pambo la sebuleni. Ilikuwa somo, na aliyeruhusiwa kuiona ni yule aliyeingia chama.

Mwaka 1953 kilichapwa kitabu London kuhusu michoro hiyo ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Aliyekiandika ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya kuchunguza mila za watu chini ya serikali ya kikoloni. Jina lake lipo juu ya jalada mpaka leo. Sasa jiulize, mikono iliyochora zile kuta ilikuwa ya akina nani? Mimi na wewe tunawajua kwa jina la chama tu, "wacheza nyoka".

Halafu kuna jambo jingine. Sura za kwenye zile kuta hazikuwa za fulani bin fulani. Mtu aliyechorwa alikuwa mtu wa kwenye hadithi, hakuna aliyesimama akasema "hilo pua la mjomba kabisa". Kuchora mtu mmoja mpaka ndugu zake wamtambue ni mchezo mwingine, na kwetu mchezo huo ulishika kasi baada ya kamera kuingia.

Kamera inafika, majina yanabaki nyuma

Upigaji picha ulitangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839. Haikuchukua muda mrefu ukafika pwani yetu. Ndani ya karne hiyohiyo ya 19 Zanzibar ilishakuwa na studio za picha, na moja ya zilizovuma ni ya A. C. Gomes, familia yenye asili ya Goa. Mwaka 1930 Mji Mkongwe ukapata Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza, na picha zake za masultani, maharusi na watu wa mtaani bado zinatazamwa hadi leo.

Wenye uwezo walikwenda studio kwa hiari yao, wamevaa wamependeza. Lakini kulikuwa na biashara nyingine pembeni: postikadi. Mwanamke wa Kiswahili, mpagazi au muuza maji anapigwa picha, picha inachapwa kwa wingi, watalii wananunua na kuituma Ulaya. Chini yake kunaandikwa kitu kama "Mwanamke wa Kiswahili" au "Mwenyeji wa Zanzibar". Jina lake halipo. Aliyepiga picha anajulikana, duka linajulikana, ila mwenye uso ndo hajulikani.

Huku bara mambo yalikwenda taratibu. Bariadi ya leo ni makao makuu ya mkoa, lakini Simiyu yenyewe imezaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, Bariadi, Maswa na Meatu zilihesabiwa Shinyanga, na upande wa Busega ulikuwa Mwanza. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na hela inashikika katikati ya mwaka pamba ikishauzwa. Kwa mkulima wa namna hiyo picha haikuwa kitu cha kila siku. Ukikuta nyumba ya zamani ina picha mbili tatu za wazee kwenye fremu, ujue kulikuwa na jambo: harusi, ubatizo, mtoto kamaliza shule, au mtu alipitia mjini na hela mfukoni.

Picha ya serikali

Basi tuje kwenye kile kipicha cha bibi. Kwa familia nyingi za vijijini, picha pekee ya mzee iliyobaki ni ile aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandaliwa mwaka 2004 kwa ajili ya uchaguzi wa 2005, na waliojiandikisha walipewa kadi yenye picha. Kabla ya uchaguzi wa 2015 watu wakaandikishwa upya, safari hiyo kwa mashine zinazochukua alama za vidole na picha. Katikati hapo vikaja vitambulisho vya taifa vya NIDA. Kwa hiyo kuna bibi kibao ambaye hakuwahi kuingia studio maishani mwake, lakini serikali ilimpiga picha. Akakaa kwenye kiti, akaambiwa "bibi tazama hapa", pap, anayefuata.

Ndo maana kwenye hizo picha hacheki. Kitenge kimewekwa vizuri kichwani, macho yanaitazama mashine, mdomo umefungwa. Ukimjua kwa picha hiyo tu utadhani alikuwa mtu wa hasira, kumbe nyumbani ndiye aliyekuwa anachekesha watu mpaka wanashindwa kula.

Picha ya kitambulisho haikutengenezwa ili mtu akumbukwe. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe pale dirishani. Kuna nchi kazi hiyo ilikuwa chungu kabisa. Afrika Kusini ya makaburu, watu weusi walilazimishwa kutembea na kitabu cha pasi chenye picha, na mwaka 1970 wafanyakazi weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani walianzisha upinzani baada ya kugundua kamera na filamu za kampuni yao zinatumika kutengeneza zile pasi. Miaka saba baadaye, 1977, Polaroid ikaondoka Afrika Kusini. Kwetu haikufikia huko, lakini picha ya kadi ni picha ya kadi. Bibi alipigwa kwa sababu ya foleni na fomu. Familia ndiyo inayotaka kumgeuza awe bibi tena.

Na kwa nini bibi katoka mweusi tii?

Hapa kuna siri ambayo wachoraji wengi wanaoanza hawaijui, matokeo yake wanaichora kosa la kamera.

Filamu za rangi za zamani hazikupimwa kwa ngozi zetu. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilikuwa inazipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mfano yenye mwanamke mzungu, na kadi hizo zikazoeleka kwa jina la Shirley. Fundi wa maabara alikuwa anarekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ikitoka vizuri, kazi imeisha. Mtu mweusi akipita kwenye mashine ileile, anapotea gizani: yanabaki macho na meno, mashavu na paji la uso vyote vinameza mwanga. Baadaye kampuni iliboresha filamu zake, na kinachosimuliwa ni kwamba waliosikilizwa mapema ni wenye viwanda vya chokoleti na samani za mbao waliolalamika kuwa rangi za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Yaani chokoleti ilipata haki yake kabla ya bibi.

Kwa hiyo ukishika picha ya zamani ya mzee wa Itilima na kuona sura nzima ni doa jeusi, usiichukulie hiyo kama ngozi yake. Hayo ni mapungufu ya filamu, flashi na maabara. Ukichukua penseli na kujaza weusi tu, unarudia kosa la mashine kwa mkono wako. Ngozi nyeusi ina mwanga mwingi: juu ya paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Mwanga huo kwenye karatasi hauchorwi, unaachwa. Unaacha weupe wa karatasi upumue hapo, kisha unazungushia kivuli polepole.

Kalamu ya risasi isiyo na risasi

Wazee wetu waliita penseli "kalamu ya risasi". Kosa hilo halikuanzia kwetu. Katika karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini mwa Uingereza, yaligunduliwa madini meusi laini yanayoandika, watu wakadhani ni aina ya risasi. Siyo. Ni madini tunayoyaita leo kinywe, haya yanayotafutwa kwa udi na uvumba kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Tanzania tunayo, Mahenge kule Morogoro na Ruangwa kule Lindi ni majina yanayotajwa sana.

Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza na haipati kinywe cha Borrowdale, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akapata hatimiliki ya njia mpya: saga kinywe, changanya na udongo wa mfinyanzi, choma. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi. Hizo ndo herufi unazoziona ubavuni: H ni ngumu, B ni nyeusi, HB ipo katikati. Hata mbao yake ina ukoo na sisi. Mtarakwa, mti wa milima ya Afrika Mashariki, umewahi kukatwa sana kwa ajili ya kutengeneza penseli.

Penseli ya shule unayonunua kwenye duka la steshenari Bariadi ni HB. Inatosha kuanzia. Ukipata 2B na 6B, vivuli vitakaa vizuri zaidi. Usikwame kwa kukosa vifaa vya bei mbaya. Cha kulainishia kivuli kipo: pamba. Na hapa tupo Simiyu, mkoa unaoongoza nchi kwa pamba, hivyo hilo halina kisingizio. Tumia tu ile safi ya duka la dawa, maana ya shambani ina mbegu na mafuta yanayoweza kuacha doa kwenye karatasi.

Viboksi vya Mafarao mpaka ukuta wa saluni

"Sina kipaji." Hiyo ndo sentensi inayoua wachoraji wengi. Basi sikia: njia inayotumiwa na wengi wanaochora kutoka kwenye picha haihitaji kipaji cha kuzaliwa. Inahitaji rula.

Wamisri wa kale walipiga mistari ya viboksi ukutani kabla ya kuchora watu wao, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mwaka 1525 Mjerumani Albrecht Dürer alichapa kitabu cha vipimo chenye vielelezo vya vyombo vya kumsaidia mchoraji kuhamisha anachokiona kwenda kwenye karatasi. Na mafundi wetu wanaochora vibao vya saluni, maduka na magereji wanatumia mbinu hiyohiyo wakikuza kipicha kidogo kiwe ukuta mzima. Hao nao, wengi hatujui majina yao. Unanyolewa miaka 5 chini ya sura ileile ukutani na hujawahi kuuliza nani kaichora.

Hesabu yake ni hii. Chukua picha ya paspoti yenye upana wa sentimita 3.5 na urefu wa 4.5. Ukiigawa kwa viboksi vya nusu sentimita unapata 7 kwa 9, jumla 63. Kwenye A4 chora viboksi 63 vilevile, lakini kila kimoja kiwe sentimita 2.5. Mchoro wako utakuwa sentimita 17.5 kwa 22.5, yaani umekuza mara tano na bado nafasi ya pembeni imebaki. Halafu unachora kiboksi kimojakimoja: mstari wa kope unaingilia wapi, unatokea wapi. Huchori bibi, unachora mistari 63. Bibi atakuja mwenyewe.

Mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, usichore viboksi juu ya picha halisi. Toa kopi, au ipige kwa simu mchana kivulini uchoree hapo. Pili, mistari ya karatasi ipige kwa mkono mwepesi sana, itafutwa. Tatu, macho ya mtu mzima yapo karibu katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Wanaoanza huyaweka juu mno, na mtu anatoka hana paji. Nne, anza vivuli hafifu kwenda vizito, kwa sababu weusi ukishazama kwenye karatasi raba haiutoi wote.

Kishawishi cha kumtengeneza

Siku hizi kuna programu za simu zinazosafisha picha ya zamani kwa sekunde chache. Tamu kweli. Ila angalia vizuri: pale ambapo picha haina taarifa, programu inabuni. Inaweka meno ambayo bibi hakuwa nayo, inanyoosha pua, inafuta mikunjo, inang'arisha ngozi. Unapata bibi mzuri wa watu wengine.

Mchoraji naye ana kishawishi hichohicho. Mteja mwenyewe anaweza kuomba: "Mng'arishe kidogo." Lakini mikunjo ile na kovu la kwenye nyusi ndivyo watoto wake walivyomjua. Ukivifuta, familia itasema "pamechorwa vizuri" halafu fremu itageuziwa ukutani.

Sasa pale ambapo picha imekufa kabisa, shavu limeliwa na muhuri, utafanyaje? Uliza. Hapa ndo penseli inaishinda programu. Tuseme umepewa kazi na kijana, lakini nyumbani yupo dada wa marehemu. Nenda kaa naye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Bibi, nimeletwa na picha ya dada yako. Hapa shavuni sioni. Alikuwaje?"

Hapo kaa utulie, maana hutajibiwa shavu tu. Utaambiwa alikuwa na mwanya, alifunga kilemba kuelekea kushoto, sikio moja lilichanika kwa hereni, na kwamba jina la kwenye kadi siyo alilokuwa akiitwa nyumbani. Ukimaliza unashukuru, wabeja sana, unaondoka na vitu ambavyo hakuna kamera iliyowahi kuvichukua. Shavu utalichora, na mengine yaandike.

Jina kwanza, fremu baadaye

Hii ndo kazi ninayosema wengi wanairuka. Unamaliza mchoro, unasaini jina lako pembeni, unapiga picha, unaposti. Jina la mchoraji lipo. La mwenye uso je? Tazama hapo tulipotoka: kuta za Bayeye, postikadi za Zanzibar, ukuta wa saluni. Kila mara kuna uso au mkono uliopotezewa jina na watu waliokuwa na nafasi ya kuuliza. Kwenye mchoro wa bibi, mwenye nafasi hiyo ni wewe.

Kwa hiyo kabla ya fremu, geuza karatasi. Andika kwa penseli hiyohiyo, maana kinywe hakifutiki kwa maji wala hakipauki kama wino wa biki. Andika jina lake kamili na lile la nyumbani, alikuwa mtoto wa nani, kijiji gani, picha ya asili ilitoka wapi na ilipigwa mwaka gani kama unajulikana. Kisha jina lako na tarehe ya kuchora. Hata mistari mitano inatosha. Miaka 40 ijayo kuna mjukuu ataishusha hiyo fremu ukutani kupangusa vumbi, na hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kama huchori, bado una la kufanya. Wikiendi hii ukiwa nyumbani, omba lile sanduku au ile bahasha ya picha za zamani. Kaa na mama, shangazi au babu, mzipitie moja moja, uandike majina nyuma. Zile za kadi za kupigia kura zipige kwa simu mchana, zihifadhi. Wazee wanaozijua hizo sura wanapungua.

Haya, zamu yenu wadau. Picha ya zamani kuliko zote nyumbani kwenu ni ya nani? Na jina lake, unalijua?